Miaka minne kabla ya maji



Neno letu la juma hili linatoka katika Mathayo 28, mstari wa 19 na wa 20. Bwana wetu anatoa amri moja yenye kazi tatu: kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, kuwabatiza, na kuwafundisha kushika yote aliyoyaamuru. Tazama vizuri mahali maji yalipo. Yako katikati. Kuna kazi mbele ya maji, na kuna kazi nyuma ya maji. Kanisa linalofanya ile ya katikati peke yake halijatimiza amri.

Leo tutapita katika historia, na zaidi historia ya majirani zetu Wakatoliki. Labda mwingine atauliza: sisi watu wa Pentekoste tuna shauri gani na ubatizo wa Wakatoliki? Jibu liko nyumbani kwetu. Katika familia nyingi za Kongo mama anakwenda parokia, kijana anakuja kwetu, na wote wanakula sahani moja. Tunaoana, tunazikana. Lakini tukiulizwa juu ya ubatizo wao, wengi wetu tuna sentensi moja tu: "Wanawamwagia watoto maji bila kuwafundisha." Juu ya watoto nitasema chini, maana hapo tunatofautiana nao kweli. Ila sentensi hiyo inaficha jambo kubwa. Ni hao hao Wakatoliki waliowaambia baba na babu zetu kando ya Ziwa Tanganyika: ukitaka kubatizwa, ungoje na kujifunza miaka minne. Na sisi tunaohubiri kwamba mtu aamini kwanza ndipo abatizwe, mara nyingi aliyeinua mkono siku ya Jumatano katika kampeni ya Injili, siku ya Jumamosi tumekwisha kumpeleka mtoni. Nani kati yetu anayefundisha kwanza?

1. Siku za mitume

Tuanze na Maandiko, maana ndiyo yanayotuamua. Katika Matendo 2:41, watu kama elfu tatu walibatizwa siku ile ile ya Pentekoste. Katika sura ya 8, towashi wa Ethiopia aliona maji njiani akabatizwa. Katika sura ya 16, mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku ule ule pamoja na watu wake. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kubatiza upesi ni dhambi. Mitume walibatiza upesi.

Lakini tuwaangalie watu hao ni akina nani. Wale elfu tatu walikuwa Wayahudi na waongofu waliokuja Yerusalemu kwa sikukuu. Tangu utoto walijua Torati, walijua manabii, walimngoja Masihi. Towashi alikutwa gombo la Isaya likiwa mikononi mwake. Kornelio katika sura ya 10 alikuwa mtu wa sala na sadaka kabla Petro hajafika kwake. Hao walikuwa shamba lililokwisha kulimwa. Mlinzi wa Filipi ni tofauti, lakini hata kwake, mstari wa 32 unasema kwamba Paulo na Sila walimwambia neno la Bwana kwanza, yeye na wote waliokuwa nyumbani mwake. Na Matendo 2:42 inatueleza kilichofuata kwa wale elfu tatu: walidumu katika fundisho la mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika kusali. Maji yalikuja upesi, na mafundisho hayakukatika.

2. Karne za kwanza: kanisa linachunguza

Injili ilipofika kwa watu waliokulia katika sanamu, kanisa likaona shamba hili halijalimwa. Maandishi ya zamani sana yanayoitwa Didake, mafundisho ya wale kumi na wawili, yanaagiza kwamba anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na wengine wanaoweza wafunge pamoja naye. Yanataka maji yanayotembea. Yakikosekana, maji mengine. Na maji yakiwa haba kabisa, yamwagwe kichwani mara tatu. Karibu mwaka 155, Yustino shahidi wa Kristo aliandika Roma kwamba wanaosadiki hufundishwa kuomba na kufunga, na kanisa linafunga pamoja nao, ndipo wanapelekwa penye maji.

Baadaye muda ukaongezwa. Kitabu cha utaratibu wa kanisa ambacho kwa desturi kimehesabiwa kuwa cha Hipolito wa Roma, kinataka miaka mitatu ya kusikiliza Neno. Lakini kinaongeza kwamba mwenye bidii asihesabiwe siku; mwenendo ndio unaopimwa. Wanaomleta mtu wanaulizwa kama kweli anataka. Kazi yake inaulizwa. Mwenye nyumba ya ukahaba, mtengeneza sanamu, mpiganaji wa kuua watu katika michezo: aache, au arudi nyumbani. Na siku ya ubatizo inapokaribia, maswali yanakuwa ya maisha: je, aliwaheshimu wajane? Je, alitembelea wagonjwa? Je, alitenda kila kazi njema? Watu hao walioko njiani waliitwa wakatekumeni, yaani wanaofundishwa kwa sauti, na njia yao ikaitwa ukatekumeni.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu Mkristo angeweza kushikwa wakati wo wote na kuambiwa atoe ubani kwa sanamu ya mfalme. Anayebatizwa leo bila mizizi, kesho mbele ya hakimu angemkana Bwana na kutaja majina ya ndugu zake.

Huko Yerusalemu, karibu na mwaka 381, mwanamke msafiri jina lake Egeria aliona kazi hiyo kwa macho akaiandika. Kwaresima ilipoanza, askofu aliketi, mtu mmoja mmoja akaletwa, na majirani zake wakaulizwa juu yake: ana mwenendo mwema? Anatii wazazi? Si mlevi? Aliyelaumiwa aliambiwa aende kujirekebisha kwanza. Aliyekubaliwa alifundishwa Maandiko tangu Mwanzo, saa tatu kila siku, majuma mengi, mpaka Pasaka.

Hata Augustino, mwana wa Afrika ya kaskazini, alipita njia hiyo. Mama yake Monika alimtia katika hesabu ya wakatekumeni akiwa mtoto, kwa ishara ya msalaba na kwa chumvi, lakini hakubatizwa. Alitangatanga miaka mingi. Alibatizwa na askofu Ambrosio huko Milano usiku wa Pasaka wa mwaka 387, akiwa na miaka 32, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius.

3. Namna njia ilivyofungwa

Baada ya mfalme Konstantino kulipa kanisa uhuru mwaka 313, makutano waliingia. Kuwa Mkristo kukawa faida. Wengine walijiandikisha kuwa wakatekumeni wakakaa hivyo maisha yote, wakiogopa kutenda dhambi baada ya ubatizo. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Kisha, nchi zilipojaa familia za Kikristo, ubatizo wa watoto wachanga ukawa desturi ya wote. Maombi na ishara zilizokuwa zinachukua miezi na miaka zikakusanywa katika ibada moja mlangoni mwa kanisa. Mtoto aliulizwa maswali ya mkatekumeni, na mtu mwingine akajibu mahali pake. Maneno ya njia yalibaki, njia yenyewe ikatoweka.

Matunda ya jambo hilo yalionekana katika nchi yetu. Mwaka 1491 mapadri kutoka Ureno walifika Mbanza Kongo. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka huo huo, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa akapewa jina la João. Miaka michache baadaye aliiacha imani hiyo. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyeitwa Afonso, alidumu. Alijenga shule, akataka watu wake wasome. Lakini mapadri walikuwa wachache sana kwa ufalme mpana. Hata Wakapuchini walipofika mwaka 1645, padri mmoja alizunguka vijiji vingi, akabatiza watoto wengi kila alipopita, akaenda zake. Katika ibada ile ya zamani padri aliweka chumvi kidogo katika ulimi wa anayebatizwa. Basi watu wa Kongo wakauita ubatizo kwa jina la kile walichokiona: "kudia mungwa", kula chumvi. Sitaki kuwacheka. Walitaja walichopewa. Kama hakuna aliyewaeleza mauti na ufufuo wa Kristo, mdomo ulikumbuka chumvi.

Jambo lingine ni baya zaidi. Katika bandari ya Luanda, watu waliouzwa utumwani walibatizwa kwa makundi kabla ya kupandishwa melini. Hawakuulizwa lo lote, wala hawakuelewa lugha iliyosemwa juu yao. Walipofikishwa Cartagena, ng'ambo ya bahari, padri Mjesuiti jina lake Alonso de Sandoval alianza kuwahoji kwa njia ya wakalimani: ulielezwa nini? Uliitika? Wengi walionyesha kwamba hawakujua maji yale yalikuwa na maana gani. Sandoval aliandika kwamba ubatizo wa namna hiyo hauwezi kusimama, na mwenzake Petro Claver aliwafundisha na kuwabatiza maelfu. Angalia vema, mpendwa: aliyesema kwamba maji bila fundisho na bila kukubali hayatoshi kwa mtu mzima alikuwa padri Mkatoliki.

4. Miaka minne ya Lavigerie

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1868, huko Algeria, askofu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao tunawajua kwa jina la Mapadri Weupe. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulielekea maziwa makuu. Mwanzoni mwa 1879 kundi moja lilifika Ujiji, na lingine Buganda. Baadaye walivuka Ziwa Tanganyika wakakaa upande wetu: Kibanga, Mpala, na halafu Kirungu karibu na Moba, mahali palipoitwa Baudouinville.

Lavigerie alisoma sana historia ya kanisa la kwanza, na alitaka njia ya zamani ifunguliwe tena. Akaagiza hivi: anayekuja akae miaka miwili kama mwombaji, akifundishwa mambo ya msingi juu ya Mungu Muumba na kuacha dhambi. Kisha, kama mwenendo wake ni mwema, aingie miaka miwili ya ukatekumeni wenyewe. Jumla ni miaka minne. Mwenye hatari ya kufa peke yake ndiye angebatizwa mapema.

Wamisionari wengine waliona ni mirefu mno. Watu watachoka, watakwenda kwingine. Lakini jaribu la utaratibu wowote ni siku mchungaji anapoondoka. Na siku hiyo ilikuja Buganda. Mwezi wa 11 mwaka 1882 mapadri wote waliondoka kwa sababu ya hatari, na hawakurudi mpaka 1885. Waliacha Wakristo wachache waliobatizwa, wengi wao mwaka ule ule, na wakatekumeni ambao hawajamaliza. Hapakuwa na misa wala kipaimara. Mtu angesema kazi imekufa.

Haikufa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyetumika katika jumba la mfalme aliwafundisha vijana wenzake. Mathias Mulumba na Luka Banabakintu walifundisha huko Singo. Mapadri waliporudi walikuta kundi kubwa kuliko walilolicha. Wale waliofundishwa kwa muda na uangalifu walikuwa wamejua namna ya kufundisha.

Kisha mateso yakaja chini ya mfalme Mwanga. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika mahali pake juu ya vijana wa jumba, alikwenda kwa mapadri akabatizwa. Mwezi wa 5 mwaka 1886 ilipojulikana kwamba mfalme atawahukumu, Lwanga aliwabatiza yeye mwenyewe usiku wa manane vijana wanne ambao bado walikuwa wakatekumeni. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Tarehe 3 mwezi wa 6 walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kati ya Wakatoliki 22 waliohesabiwa kuwa mashahidi wa Uganda, mmoja, Mukasa Kiriwawanvu, alikufa bila kufikia maji kabisa. Kanisa lake linasema alibatizwa kwa damu yake.

Hapa kuna fundisho la pande mbili. Kanuni ilisema miaka minne, lakini mauti ilipogonga mlango, kijana asiye padri alibatiza usiku mmoja, na kanisa lake halikumkatalia. Maana yake miaka haikuwa sanamu ya kuabudiwa. Upande wa pili, vijana hao walipoingia motoni hawakuuliza waliingia katika dini gani. Walikuwa wameshafundishwa gharama yake.

Na Kongo yetu ina mfano. Isidore Bakanja alikuwa mfanya kazi wa ujenzi huko Mbandaka. Alifundishwa na Watrapisti akabatizwa mwaka 1906. Halafu alikwenda kufanya kazi mahali pasipo na padri, katika shamba la kampuni ya wazungu. Aliendelea kusali na kuwaeleza wenzake aliyofundishwa. Mwaka 1909 msimamizi alimpiga mijeledi vibaya sana kwa sababu ya imani yake, akafa tarehe 15 mwezi wa 8 kwa majeraha hayo, akiwa amemsamehe aliyempiga. Sisi hatuvai kitambaa cha Bikira Maria alichokivaa. Lakini je, waumini wetu wakihamia mahali pasipo na mchungaji wanafanya nini?

5. Tusidanganyike na miaka

Mtu asitoke hapa akisema: basi tuongeze miezi ya darasa, tumemaliza. Historia inatuonya. Katika nchi jirani ya Rwanda, baada ya mfalme Musinga kuondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, machifu na watu wao walikimbilia parokia kwa makundi. Wamisionari wenyewe waliita wakati huo tufani. Kuwa mkatekumeni kulifungua mlango wa cheo. Mfalme Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na nchi ikawekwa chini ya Kristo Mfalme mwaka 1946. Watu walikariri katekisimu wakajibu vizuri. Mwaka 1994 waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Wapentekoste waliozamishwa katika maji mengi walikuwamo pia kati ya wauaji, kama walivyokuwamo Wakatoliki na Waprotestanti wengine. Hakuna kanisa linaloweza kunyosha kidole.

Na sisi wa Kivu, wa Katanga, wa Ituri, tunajua damu iliyomwagika kwetu. Wengi wanaobeba silaha wana majina ya ubatizo. Kwa hiyo swali la wale wazee wa Roma linarudi: aliwaheshimu wajane? Alitembelea wagonjwa? Mtu anaweza kujibu maswali yote ya darasa, na hakuna aliyeuliza kama amemsamehe jirani wa kabila lingine.

6. Wanachofanya leo, na wanachoamini

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturjia, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua katika kanisa lote. Utaratibu mpya ulitolewa mwaka 1972. Kile kilichofanyika Afrika kwa miaka karibu mia kikawa njia ya Roma na Paris.

Mkatekumeni anapokelewa mbele ya watu kwa ishara ya msalaba. Anafundishwa na katekista, naye anasindikizwa na baba au mama wa ubatizo. Mwanzo wa Kwaresima jina lake linaandikwa kati ya wateule. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima anaombewa mbele ya kanisa kwa Injili tatu: mwanamke Msamaria katika Yohana 4, kipofu tangu kuzaliwa katika Yohana 9, na Lazaro katika Yohana 11. Kiu, giza, kaburi: anaombewa avuke yote matatu. Anakabidhiwa Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana. Usiku wa Mkesha wa Pasaka moto mpya unawashwa gizani, yanasomwa masomo ya uumbaji na ya kuvuka Bahari ya Shamu, anamkataa Shetani, anaikiri imani, anabatizwa, anavikwa nguo nyeupe, anapewa mshumaa, anapakwa mafuta ya kipaimara, na kwa mara ya kwanza anakula Ekaristi. Baada ya Pasaka mafundisho yanaendelea.

Wao wanaamini kwamba katika maji hayo Mungu mwenyewe anatenda: anaondoa dhambi, hata ile ya asili, anazaa mtoto mpya, anamtia katika mwili wa Kristo, na kuweka alama isiyofutika. Kwa hiyo hawarudii ubatizo, na mtu aliyebatizwa nje ya kwao kwa maji na kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa kawaida hawambatizi tena. Watoto wanawabatiza kwa imani ya wazazi na ya kanisa. Na sheria yao inasema kwamba kama hakuna tumaini lolote mtoto atalelewa katika imani, ubatizo uahirishwe. Tuseme kweli pia: katika parokia nyingi sheria hiyo na njia hii nzuri haishikwi sawasawa, na mapadri wenyewe wanalia juu ya sherehe inayokuwa kubwa kuliko mafundisho.

7. Mahali tunaposimama sisi

Tangu Burton na Salter walipofika Mwanza ya Katanga mwaka 1915, na Wapentekoste wa Sweden walipofika Uvira mwaka 1921, baba zetu walifundisha kwamba ubatizo ni wa yule aliyetubu na kuamini kwa moyo wake mwenyewe, na kwamba kuzikwa pamoja na Kristo katika Warumi 6:3-4 kunaonekana vizuri katika kuzamishwa. Hatuoni katika Agano Jipya mtoto mchanga aliyetajwa wazi kuwa amebatizwa. Hatusemi maji yanaokoa. Damu ya Yesu inaokoa kwa njia ya imani. Hapo hatubadiliki, na hatuna sababu ya kuficha.

Lakini fundisho letu lenyewe linatuhukumu. Mkatoliki anayembatiza mtoto anasema: fundisho litafuata. Sisi tunasema: imani hutangulia. Basi kama tunabatiza mtu ambaye hajui kutubu ni nini, tumeacha fundisho la Wakatoliki na letu pia. Tumechukua haraka ya siku ya Pentekoste, tukaacha Matendo 2:42.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, wazee na mashemasi wafikiri mambo haya manne.

Kwanza, mtu ajulikane kabla ya kubatizwa. Asiulizwe yeye peke yake. Waulizwe mke wake, jirani yake, wanaofanya kazi naye sokoni au shambani. Deni la uongo, mwanamke aliyefukuzwa, ndugu asiyesemeshwa: hayo ndiyo mtihani.

Pili, awe na mwenzake wa njia. Wakatoliki wana baba na mama wa ubatizo. Sisi tuna wazee wengi wa imani wanaoketi tu. Kila anayebatizwa apewe mmoja wa kuomba naye, kumtembelea na kumkosoa, kabla ya maji na mwaka mzima baada ya maji.

Tatu, tusipime kampeni kwa hesabu ya waliobatizwa. Mwaka ukipita, tuhesabu waliobaki.

Nne, Mkatoliki akija kwetu na kuomba ubatizo, tusimfundishe kudharau mama aliyemchukua kanisani akiwa mtoto. Mama yule alimpeleka kwa Mungu kwa nuru aliyokuwa nayo. Tumfungulie Maandiko, tumpe muda, aamue mwenyewe mbele za Bwana. Anayeingia majini ili kumkasirisha padri wa zamani hajazikwa pamoja na Kristo, amebadilisha timu.

Sisemi tuweke miaka minne. Roho Mtakatifu anajua wa mwezi mmoja na wa miaka mingi, na mgonjwa anayekufa huku akimwita Yesu asiambiwe asubiri darasa. Nasema tusiwe na haraka mahali Bwana alipotupa kazi. Karoli Lwanga alibatiza usiku mmoja, kwa sababu kulikuwa na watu waliofundisha miaka mingi kabla ya usiku ule. Siku ya moto itakapofika kwa watoto wetu, na katika nchi hii haiko mbali, watasimama kwa kile tulichopanda kabla na baada ya maji.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeshuka mtoni Yordani bila dhambi kwa ajili yetu, utupe makanisa yanayofundisha na waumini wanaodumu. Wale tuliowabatiza tukawaacha peke yao, utusaidie kuwatafuta juma hili. Amina.